Neno Kuchanja

Tetesi za ndui zilipoanza kufika kutoka upande wa Kisenge, nilimwahidi kaka yangu kwamba binti yake hataguswa nayo. Kaka alikuwa akipelekwa Nzilo, kwenye ujenzi wa bwawa, na mkewe angebaki na mtoto anayenyonya, ambaye bado hajatimiza mwaka. Niliitamka ahadi ile kwa uhakika wa kijana aliyetoka chuo cha ualimu muda si mrefu, anayeamini kuwa penye maarifa hofu haina kazi. Wiki moja baadaye ndui ikaingia Kolwezi na barabara ya Nzilo ikafungwa.

Soko lilifungwa kwanza, kisha shule yangu. Wanawake waliozoea kununua muhogo na mboga kwa wakulima wa ng'ambo ya reli wakakuta kamba na polisi. Ikabaki kantini ya kambi yetu ya wafanyakazi, yenye mlango mmoja: unga, maharagwe, mafuta ya mawese, samaki mkavu, chumvi. Amri ikatoka kwamba hakuna nyumba itakayopata posho, yaani chakula cha wiki, mpaka wote waliomo wawe wamechanjwa. Gari la wachanjaji lilisimama kando ya ofisi. Mimi nikawekwa mlangoni mwa kantini na daftari, kwa kuwa niliweza kuuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa. Aliyejibu ndiyo aliandikwa, akaingia. Asiyechanjwa alipelekwa kwanza garini.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Saa tisa gari lingeondoka, na hakuna aliyejua lingerudi lini. Watu walitakiwa kusimama hatua mbili mbili, lakini kadiri magunia ya unga yalivyopungua, na hatua zilipungua.

Shemeji yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza, mtoto mgongoni.

"Muramu," nilimwita, kwani ndivyo kwetu tunavyoitana mashemeji, "bote mu nyumba balichanjwa?"

"Bote, muramu."

"Na mutoto?"

"Na mutoto! Ao unataka nimuvue nguo mu baridi hii, mbele ya batu?"

Watu wakacheka. Nikaandika ndiyo kwa mwandiko wangu mzuri, naye akaondoka na unga kichwani.

Ilikuwa imepita saa nane alipofika mama mmoja mzee, jirani wa shemeji, ukuta kwa ukuta.

"Mwalimu, miye unichanje mu tumbo," alisema. "Kule njo kuko bugonjwa. Njala!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Akapata nguvu ya kuendelea.

"Lakini mutoto wa kaka yako, ule balimuchanja muzuri. Ule tata muganga wa ng'ambo ya reli hana haraka. Chale tatu mu kifua, tatu mu mugongo, dawa ndani, basi."

Kalamu ikasimama. Katika lugha yetu, mganga anayekata chale kwa wembe anachanja, na muuguzi mwenye dawa ya ndui naye anachanja. Shemeji hakunidanganya. Niliuliza neno, akanijibu kwa neno lile lile.

Wachanjaji walikuwa wameanza kufunga masanduku. Nikamwachia polisi daftari.

"Mwalimu, unaenda wapi? Unga inaisha!"

Nikakimbia.

Nilimkuta shemeji akichekecha unga. "Leta mutoto, twende ku gari."

"Alishachanjwa. Weye mwenyewe uliandika."

"Niliandika bongo, neno ya uongo."

"Mwalimu anaandika bongo?" Safari hii hakutania. "Sikia, muramu. Dawa ya gari ikikuta dawa ya tata mu mwili moja, zitapigana. Na mutoto njo atakuwa kiwanja."

Nilikuwa na somo zima la chuoni kuhusu damu, na kwa bahati njema halikunijia mdomoni. "Kama zikipigana," nilimwambia, "mi nitasimama mbele ya kaka, nibebe lawama yote. Lakini ndui ikimukuta mutoto hivi, nani atabeba?"

Alikung'uta unga mikononi. Kisha akafunga upya kitambaa cha mgongoni na kutangulia, akitembea upesi kunishinda.

Injini ilikuwa inanguruma. Muuguzi alitikisa kichwa. "Tumemaliza."

"Moja tu, tata, tafadhali," nilimsihi, kwa heshima apewayo baba.

"Kila mutu anasemaka moja tu," alinung'unika, lakini akafungua sanduku. Mtoto alilia, akachomwa mkononi, akanyamaza kwenye titi la mama yake.

Moja tu: ndivyo nilivyosema. Daftarini kulikuwa na majina ya siku zote tatu, yote nimeyaandikia ndiyo kwa swali lile lile. Nililitambua jambo hilo tangu kalamu iliposimama, ila nililinyamazia mpaka wangu alipokwisha kuchanjwa. Nilipofungua mdomo kumweleza muuguzi, gari lilikuwa limegeuka kuelekea barabarani, na mkono nilioupunga dereva aliujibu kama wa kuaga.

Siku zilizofuata nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba kuonyeshwa mikono. Nilikuta watoto saba wenye chale tupu. Niliwaandikia wakubwa wa kambi na kusimama ofisini kwao kila asubuhi, na gari likarudi baada ya wiki mbili. Mkono wa binti wa kaka ulivimba, ukatoa gamba, ukapona. Ndui iliiruka nyumba yao. Katika nyumba iliyo karibu na bomba la maji, mtoto mmoja kati ya wale saba hakuweza kulingoja gari. Nilikwenda msibani. Mama yake alinipa kiti. "Mwalimu, uliuliza, tukajibu," alisema.

Nakuomba, wewe unayesoma, na zaidi kama umesomeshwa na watu wakakukabidhi daftari: kabla ya kuandika ndiyo, mwombe mama akuonyeshe mkono wa mtoto wake.