Vikombe Sita vya Chai ya Mizizi

"Mie siumwagi," Kokushubila alitangaza mwaka jana mbele ya jumuiya nzima, zamu ya kusali ilipofika nyumbani kwake Mabibo. "Kinga yangu ni ukuta wa gereza. Mafua yakifika getini yanatoa shikamoo, yanarudi yalikotoka."

Watu wakacheka, wakanywa chai yake ya mizizi vikombe viwili viwili, wakamwamini. Hapo ndipo alipojiroga mwenyewe.

Maana jumuiya ina desturi: mtu akiugua, wanakwenda kumwona. Wanabeba sukari, machungwa na sabuni. Wanasali kidogo, wanakaa sana. Sasa nani apoteze machungwa yake kwa mwanamke ambaye mafua yanamwamkia?

Wiki ya pili hii anakohoa. Anakoholea kwenye mto, majirani wasisikie.

Na kila asubuhi anapika ile ile chai. Tangawizi anaisugua kwa brashi mpaka udongo wote utoke, binzari mbichi anaimenya vidole vikibaki vya njano, anaponda vyote kwenye kinu kidogo, anavitia kwenye sufuria la watu sita. Moto mdogo, mfuniko juu. Limau baada ya kuepua. Asali mwisho kabisa, chai ikishapoa kidogo. Mumewe alishazikwa, watoto wanne wametawanyika mikoani na wanapiga simu sikukuu. Yeye amestaafu ukarani wa shule. Mkono wake haujastaafu, bado unapimia watu sita.

Anapanga vikombe sita, anakunywa kimoja. Inayobaki ikipoa anaumwagia mwasumini wa mlangoni. Mwasumini una afya kuliko yeye.

Dawa yenyewe hakuitamani sana. Alitamani mtu akae kwenye lile kochi, aulize, "Umeamkaje leo?" Basi.

Jumamosi kifua kilipokataa utani, alijifunga mtandio, akapita duka la dawa la mtaani kwake kama halioni, akaenda la mtaa wa tatu. Hajamaliza kuagiza dawa ya kikohozi, akasikia nyuma yake:

"Shikamoo, Mama Gozbert!"

Editha. Jirani, mwanajumuiya, mtu wa Masasi, mwenye mdomo usio na breki.

"Marahaba, mwanangu."

"Makubwa! Ukuta wa gereza umepata ufa? Mama unaumwa?"

Swali ndilo hilo. Alilisubiri wiki mbili, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake limevaa kandambili. Ilitosha kusema ndiyo. Muuzaji akamtazama. Mwanamke mwingine kwenye foleni naye akamtazama.

"Mie? Thubutu! Namchukulia mgeni."

"Ooh! Basi jioni tunakuja kumpa pole. Nawaambia wenzangu sasa hivi."

"Msihangaike. Anasafiri leo mchana."

"Na kikohozi chake?"

"Ndiyo maana namnunulia dawa ya njiani."

Editha akacheka. "Ungempa ile chai yako, mama! Haya, msalimie." Akachukua panadol zake, akaondoka, kandambili zikipiga kisigino mpaka zikaacha kusikika.

Hapo kikohozi kikamtoka Kokushubila, kirefu, mbele ya kaunta, bila mto. Muuzaji alisubiri kiishe.

"Pole, mama. Mgeni wako ni mtu mzima?"

"Mtu mzima," alisema. "Anakaa peke yake."

Muuzaji akaandika risiti: dawa ya kikohozi, chupa ndogo, shilingi elfu tatu na mia tano.