Tuliyosema juu ya Kitabu cha Vita vya Kesho

Miaka ile ya vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Butembo, upande wa Vulamba. Kila Jumamosi mchana niliwasomea akina mama kitabu katika chumba cha ushonaji cha parokia yetu. Wao walishona, mimi nilisoma. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kifaransa, basi nilitazama ukurasa, nikausema kwa Kiswahili chetu bila kusita. Kazi hiyo niliijua, na nilijua kwamba naijua.

Riwaya ninayoikumbuka zaidi niliazimwa na mwalimu wa Kifaransa wa sekondari moja ya Beni. Alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa kwetu na serikali, kisha vita vikamfungia njia ya kurudi kwao. Riwaya ilieleza vita vya miaka mia mbili mbele: askari wanakaa katika vyumba vya baridi, mbali sana, na kutuma mashine za chuma zipigane badala yao. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mashine moja yenye miguu sita.

"Madame," aliniambia, "kitabu kama hiki hakuna. Usome, halafu uniletee maoni."

Tulikisoma Jumamosi saba. Jumamosi ya tatu aliingia askari mmoja, mtu wa mkoa wa Équateur, suruali yake ya kazi imechanika gotini. Akina mama wakainamia cherehani zao. Alikaa kwenye benchi akingojea ishonwe, amejifunga kiunoni kitenge alichoazimwa, na mimi sikuona sababu ya kuacha kusoma. Suruali iliisha, akavaa, akakaa tena. Jumamosi iliyofuata alirudi bila kitu cha kushona.

Tulipomaliza ukurasa wa mwisho niliuliza kila mtu amekionaje. Askari alikuwa wa kwanza kusema.

"Ile kitabu ni ya bongo, inadanganya tu. Mutu mwenye aliiandika hapana jua vita. Jeshi mzima, mutu hata moja hapana sikia njaa! Na kama machine njo inapigana, miye nitafanya kazi gani?"

Mama mmoja mkimbizi wa Alimbongo aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani yake. Alikuwa amekimbia na watoto wanne na godoro moja, na kwa kawaida hakuzungumza na askari hata kidogo.

"Miye niliipenda," akasema. "Mule ndani, mbele ya kupiga muji, banapiga kengele. Batu banapata saa mzima ya kutoka na batoto yabo. Nani alitupigiaka kengele siye?"

Askari alitazama magoti yake. "Hapana mutu, mama," akasema polepole. "Ile ni kweli."

Baada ya hapo kila mtu alitaka kusema. Mmoja alishangaa kwamba katika kitabu kizima hakuna mwanamke anayepika, wala moshi wa jiko. Mwingine alipenda mashine yenye miguu sita kwa sababu ingepita vizuri kwenye matope ya barabara yetu. Niliandika yote kwenye kurasa za daftari, maneno yao kama walivyoyasema, nikayakunja ndani ya kitabu.

Wiki iliyofuata nilipanda lori kwenda Beni. Katikati ya njia kulikuwa na kizuizi, na tuliteremshwa wote. Askari mmoja alifungua mfuko wangu, akaona ile mashine kwenye jalada, akamwita mkubwa wake.

"Hii ni silaha gani?" mkubwa akauliza. "Unapelekea nani plan?"

Abiria wenzangu walisogea mbali nami. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watoto hamsini, na sauti ilikuja.

"Commandant, hii si plan. Ni hadithi. Kama una dakika kidogo, nitakueleza."

Nilimweleza kitabu chote, nimesimama juani, kuanzia vyumba vya baridi mpaka mwisho. Alifungua karatasi za maoni, akaanza kusoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alipofika kwa yule askari wa Équateur alicheka mpaka akafuta macho.

"Huyu anasema kweli. Lete bic."

Akaandika chini kabisa, kwa herufi kubwa: *Mkubwa wa jeshi katika kitabu hiki hajawahi kumzika askari wake. Kwa hiyo siamini.* Akanirudishia kila kitu, akaamuru lori lipite. Nilipokaa tena juu ya magunia nilizikunja upya karatasi zote ndani ya kitabu.

Beni, mwalimu alisoma karatasi zile akiwa amesimama mlangoni pake. Niliona uso wake unabadilika. Alikuwa anakipenda kitabu kile, na kwanza alikasirika.

"Hawa hawakuelewa, Madame. Ni riwaya ya mawazo."

"Walielewa vizuri sana," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyewasomea."

Akasoma tena, safari hii akiwa ameketi. Kisha akasema, "Nimekisoma mara nne. Sikuona kwamba hakuna anayepika." Akaniomba nisirudi Butembo kabla ya kuzungumza na wanafunzi wake.

Asubuhi alinisimamisha mbele ya darasa la mwisho. "Madame huyu atawaeleza kwa nini mwalimu wenu alisoma vibaya," akasema, akaenda kukaa nyuma pamoja nao. Nilisoma maoni yote, hata ya kizuizini. Msichana mmoja akainua mkono.

"Na wewe Madame, unasema nini?"

Maoni yangu sikuwa nimeyaandika popote, lakini nilikuwa nayo. Nikamwambia kwamba kitabu kimeandikwa kwa ufundi, kwamba nitakisoma tena kwa furaha, na kwamba kimepungukiwa na sura tatu. Mwalimu akauliza kutoka nyuma ni zipi. Nikachukua chaki, nikaanza kumwandikia ubaoni: sura ya jiko, sura ya makaburi, na sura ya wale waliotoka baada ya kengele.