Kijiko na Chungu cha Shangazi

Kinyozi wetu tunamwita Kijiko, kwa sababu anatembea na kijiko chake mfukoni mwa shati, pale ambapo watu wenye akili zao huweka kalamu. Kazi yake ni kunyoa. Ugonjwa wake ni kushauri. Ukishakaa kitini, shuka shingoni, mashine inanguruma sikioni, atakueleza wapi pana supu, wapi pana chai ya maana, na kwa nini jiko lisilo na mizani ni aibu. Humbishii. Utambishia vipi mtu aliyekunyoa upande mmoja tu?

Kwake kabati limejaa anavyoviita vitu vya lazima: mashine ya kukatia vitunguu, vikombe vya kupimia, koleo za kila aina. Mkewe anapikia sufuria moja na kisu kilichokatika mpini.

"Mama watoto, ile mashine ya vitunguu lakini unaitumia?"

"Sana tu. Kuku wananywea maji."

Siri moja Kijiko hakuwahi kuitoa: maharage ya Shangazi. Huyu Shangazi si ndugu wa yeyote. Ni mama wa makamo anayepika nyuma ya gereji ya baiskeli, benchi moja, chungu kimoja cheusi kinachotokota taratibu juu ya mkaa tangu alfajiri. Kijiko alikula pale kila mchana, kajibanza pembeni kama mtu aliyekuja kwa mchepuko. Hakuwa na raha nyingine duniani, na mwenyewe alilijua hilo.

Kilichomponza ni sifa. Muuza simu wa jirani naye akaanza kurusha video za vyakula, na watu wakamfuata. Wateja wa Kijiko wakawa wanamsifia huyo muuza simu, tena wakiwa kwenye kiti cha Kijiko! Roho ikamuuma. Akakipiga video chungu cha Shangazi, akairusha mtandaoni: "Msije mkasema sikuwaambia."

Wiki haikuisha, foleni ikafika barabarani. Shangazi akamvuta kando.

"Mwanangu, umeniletea dunia nzima. Chungu hakitoshi. Nifanyeje?"

Kumwomba Kijiko ushauri ni sawa na kumuuliza mlevi iwapo ana kiu.

"Sufuria ya presha, Shangazi! Kitu cha lazima jikoni. Unageuka hivi, yameiva."

Shangazi akanunua mbili.

Mchana mmoja Kijiko akapanga foleni kama raia wa kawaida, akapata sahani, akachomoa kijiko chake. Akaonja. Maharage yalikuwa laini, hilo halina ubishi. Ila ladha yake ilikuwa ya maji yaliyowahi kusikia habari za maharage. Akatafuta chungu kwa macho. Kilikuwa mlangoni, kimepandwa maua.

"Enhe, mtaalamu wangu!" Shangazi akapaza sauti. "Presha yako hiyo. Yakoje?"

Benchi zima likageuka. Muuza simu naye alikuwepo, simu juu, anarekodi.

Kijiko akameza.

"Hayana mpinzani."

"Basi ngoja nikuongeze!" Upawa ukashuka, sahani ikafurika.

Akainama, akanong'ona: "Shangazi, kile chungu cha maua... huwezi kuniuzia?"

"Cha nini tena, mwanangu? Nimekitoboa chini, maji yasituame."

Kijiko akatazama kamera, akainua dole gumba, akaendelea kula.