Flashi ya Kugeuza Shingo

Baba mdogo alikuwa na studio ya picha pale Makandana, chumba kimoja cha mbele chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuyaona. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Nilianza kwa kufagia na kuwarekebisha wateja kola za mashati, nikapanda hadi kushika kamera. Baba alipofariki nilibaki palepale, kwa sababu binti wa Kiislamu mwenye kamera alikuwa na soko lake Tukuyu. Waislamu hatukuwa wengi, lakini kila harusi yetu ilikuwa na siku ya wanawake peke yao, na siku hiyo mwanamume hapiti mlangoni hata kama ndiye aliyelipia mchele. Baba mdogo alinihitaji kwa siku hizo, na mimi nilijua kwamba ananihitaji.

Picha zake zilikuwa na sifa moja iliyomletea wateja kutoka Ibighi hadi Isongole: mtu aliingia mweusi akatoka mweupe. Alikuwa na flashi ya mpini, dude zito linalokaa pembeni ya kamera, na alilielekeza usoni kwa mteja bila huruma. Uso uliungua, pua ikapotea, na nyuma ya kichwa kivuli kikasimama ukutani kama mgeni asiyealikwa. Watu walifurahi. Ilikuwa miaka ya soko huria, maduka yamejaa vitu vilivyokuwa adimu tulipokuwa wadogo, na kati ya vitu hivyo mikorogo ya kung'arisha ngozi ya kila aina ilipangwa rafu moja na mafuta ya kula. Asiyeweza kununua mkorogo alikwenda kwa baba mdogo. Mimi picha zile nilizichukia, nasema wazi, na nilizichukia kwa ajili ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye mweusi kuliko wote kwetu. Kwenye picha za familia alitokea kwa namna mbili tu. Flashi ikilengwa kwake, alitoka na sura ya majivu isiyokuwa yake. Ikilengwa kwa wengine, alitoka macho na meno. Wajomba walikuwa na utani wao, kwamba huyu akifumba mdomo tutamtafuta kwa kupapasa. Alipokuwa mdogo alicheka nao. Alipoanza kuwa msichana alichukua wembe akakata umbo lake kwenye picha zote za albamu, taratibu, bila kumgusa aliyesimama jirani. Mpaka leo kuna picha ya Idd ambamo mkono wangu umelishika bega la hewa.

Alipochumbiwa alikubali kila alichoambiwa isipokuwa jambo moja. Hakutaka picha.

"Dada, wewe njoo ule pilau," aliniambia. "Kamera iache nyumbani."

"Nitakuja nayo, na nitakupiga, na utatoka wewe mwenyewe. Usipotoka wewe mwenyewe naacha kazi hii, nauza vitumbua."

Alicheka, lakini mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimechoka kuona mtu mzima anafutwa na taa.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kamera yangu ya dijitali, ile ya kubadilisha lenzi, niliyoinunua ikiwa imetumika. Ilikuwa na kaflashi kake kadogo kanakochomoza juu ya lenzi, lakini nako kalipiga usoni moja kwa moja, tabia ileile ya baba mdogo kwa nguvu ndogo. Nilihitaji flashi ya kuchomeka juu. Baba mdogo akanipa mojawapo ya zile zake za zamani za enzi za kamera za mkanda. Nikaikataa, kwa sababu kijitabu cha kamera kilionya kwamba umeme wa flashi za zamani unaweza kuunguza kamera za dijitali. Alichukia.

"Flashi hii imepiga harusi kabla hujajua kufunga viatu," alisema. "Basi nunua mpya, ya mpini, yenye nguvu. Mwanangu, huku kwetu ni mvua na ukungu, nyumba giza, na watu wenyewe ndio sisi. Unahitaji nguvu."

"Nahitaji inayogeuza shingo."

Nikamweleza: kichwa cha flashi unakielekeza juu au pembeni, mwanga unagonga kitu cheupe, unarudi kwa mtu ukiwa mpole, na sura inabaki na mashavu yake na paji lake.

"Yaani unanunua taa halafu unaimulikia dari," alisema kwa sauti, ili wateja waliokaa kwenye benchi wasikie. Wakasikia, wakacheka. Nikachukua mkoba wangu nikaenda Mbeya.

Muuzaji wa soko la Mwanjelwa alinipangia flashi tatu juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya mpini, ndugu yake ile ya Makandana. Akaisifia mpaka ikanichosha. Ya pili ilikuwa ndogo, nzuri, kichwa kinainuka kutazama juu. Nikaichomeka kwenye kamera, nikaisimamisha kamera wima kama ninavyofanya nikimpiga bibi harusi mzima mzima, na kichwa kilichokuwa kinatazama juu kikawa kinatazama rafu ya redio pembeni.

"Dada, si ushike kamera vizuri tu," alisema.

"Bibi harusi anasimama. Nikiilaza kamera namkata miguu."

Ya tatu ilikuwa chini kabisa ya kabati, boksi lake limeshika vumbi. Ilikula betri ndogo za kawaida. Kichwa chake kilikwenda juu, kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikageuka mpaka nyuma, na flashi yenyewe ilielewana na kamera, ikapima mwanga unaotosha na kukata. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya mpini, hilo nililiona, naye hakulificha.

"Mafundi wote wa Mbeya wanachukua ya mpini," aliniambia, sasa kwa sauti ya kunionea huruma.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nikamwomba asimame palepale. Nikageuza shingo ya flashi kwenye ukuta mweupe uliokuwa kando yetu, nikampiga. Alikuwa mweusi wa kuvutia, mwenye nyusi nzito, na vyote vilitoka. Alipotazama kioo cha kamera akakunja uso.

"Mbona umeniacha hivi?"

"Nimekuacha ulivyo," nikamjibu, nikanunua ile ya tatu.

Nilirudi Tukuyu nimevimba kichwa. Kazi ya kwanza ilikuwa sherehe ya kipaimara kule Isongole, kwa wakulima wa viazi, watu wakarimu wenye nyumba kubwa. Mvua iliwafukuza wote ndani. Nikafanya kama kijitabu kilivyoagiza, nikaelekeza kichwa juu, nikapiga. Picha nyeusi. Nikapiga tena. Nyeusi, na pale palipokuwa na mwanga kidogo watu walionekana na rangi ya kutu. Ndipo nikainua macho. Waandishi wa kile kijitabu bila shaka waliishi kwenye nyumba zenye dari nyeupe. Juu yangu hapakuwa na dari, palikuwa na kenchi na mabati yaliyopakwa moshi wa jiko miaka na miaka, na mwanga wangu wote ulipanda kule ukamezwa. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alinitazama nikirudia na kurudia.

"Gwe," aliniita kwa Kinyakyusa, "sisi tuko huku chini. Huko juu ni panya tu."

Kicheko kilichofuata kilishuka mpaka mjini kwa bodaboda, kikafika Makandana kabla yangu. Kwa wiki kadhaa niliitwa mpiga picha wa panya. Baba mdogo hakucheka, alifanya vibaya zaidi, alinihurumia. Aliiweka flashi yake ya mpini mezani mbele yangu, akasema niiazime pamoja na kamera yake ya mkanda kwa siku ya mdogo wangu, ili familia isiaibike. Nikasema hapana. Akaniuliza nitapata wapi dari nyeupe Ibighi, kwa maana nyumba ya harusi ilikuwa yetu ya Ibighi, mabati matupu kama ile ya Isongole. Nilisema hapana tena, kwa sababu kukosa jibu hakukuifanya picha yake iwe nzuri.

Usiku sikulala vizuri siku zile, lakini jibu lilikuja mchana, na lililetwa na mvua. Anayeijua Tukuyu anajua kwamba ikishika, nguo haziwezi kukauka nje. Tunafunga kamba sebuleni, tunaanika humo humo, na wageni wanapita katikati ya mashuka wakiinamisha vichwa. Mdogo wangu alikuwa anaanika mashuka meupe ya harusi, yale aliyopewa na mashangazi, ili yasinuke ukungu. Nilikuwa nimekaa nimenuna, nachezea flashi, nikaigeuza shingo mpaka nyuma, kwenye shuka lililokuwa mgongoni kwangu, nikampiga bila kumwambia.

Nikatazama kioo cha kamera. Alikuwepo. Mweusi, mzima, paji la uso lina nuru yake, kidevu kina nuru yake, na ngozi ina ile rangi ya ndani ambayo sisi tunaomwona kila siku tunaijua. Niliona nataka kulia na kugombana na mtu kwa wakati mmoja. Sikumwonyesha. Niliogopa angechukua wembe kabla ya kutazama vizuri.

Siku ya wanawake ilifika, na mvua nayo ikaja bila kadi. Majirani zetu Wanyakyusa walileta ndizi na maziwa ya mgando, mashangazi wakaleta udi, na shangazi mkubwa akaleta kopo la poda. Aliponiita nimpige bibi harusi, nikamkuta mdogo wangu amepakwa mpaka shingoni, uso mweupe, masikio meusi. Pembeni yake kitandani, imefungwa kwa leso, palikuwa na flashi ya mpini na kamera ya mkanda. Baba mdogo alikuwa ameipitisha dirishani.

"Tumia hiyo, mwanangu," alisema shangazi. "Ya kwako ni ya panya, tumesikia."

Nikaisukuma uvunguni kwa mguu. Nikachukua shuka moja jeupe, nikawaomba wanawake wawili warefu wasimame nyuma yangu walikamate kila mmoja pembe zake, walinyanyue juu. Chumba kizima kikaanza maneno. Mmoja akauliza kama kuna sinema, mwingine akauliza kama bwana harusi yuko nyuma ya shuka. Nikawaacha waseme. Nikageuza shingo ya flashi, nikampiga mdogo wangu akiwa bado ametazama pembeni, mdomo umefungwa kwa hasira.

Kisha nikamwonyesha, na pamoja na hiyo nikamwonyesha ile ya siku ya kuanika, isiyo na poda.

Alizitazama zote mbili, akairudia ile ya pili. Shangazi alinyoosha shingo aone, yeye akaikumbatia kamera kifuani. Halafu akavuta ncha ya kanga yake, akaitia maji ya kikombe, akajifuta poda yote mbele ya watu, taratibu, kama alivyokuwa akikata na wembe.

"Inueni shuka," aliwaambia wale wanawake wawili. "Dada, piga."

Nilipiga mpaka betri zikaisha, nikabadilisha, nikaendelea.

Vita haikuishia hapo. Mbeya, mahali pa kusafishia picha, fundi wa mashine alinikabidhi bahasha na mdogo wangu akiwa amepauka tena. Aliniambia mashine inaongeza mwanga yenyewe na kwamba hiyo ni huduma, hawatozi. Nikamrudishia zote, nikasimama kaunta mpaka alipoifunga huduma yake na kusafisha upya. Baba mdogo alizitazama moja moja, akasema nimejitahidi, lakini kwenye dirisha la studio haziwezi kukaa, zitafukuza wateja. Nikamwambia basi na mimi siwezi kukaa. Nilikodi chumba Ibighi, nikapaka ukuta mmoja chokaa, na wasiotaka kutoka walivyo niliwaelekeza Makandana bila kinyongo. Kuna miezi niliyokula ugali na mchicha kwa kuwaelekeza. Sikubadilisha ukuta wala flashi.

Picha moja niliikuza, nikaitia fremu, nikampelekea mdogo wangu kwa wakwe zake. Mama mkwe, mama mpole ambaye sikuwahi kumsikia akimsema mtu, aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka magotini, akaitazama.

"Nzuri," alisema mwishowe. "Nzuri sana. Ila siku hizi si kuna kompyuta? Wangemng'arisha kidogo tu, wageni wakiingia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimebeba maneno ya miaka, na yote yalikuwa tayari. Mdogo wangu aliniwahi. Aliinuka, akaichukua ile fremu magotini kwa mama mkwe kwa adabu zote, akaipandisha ukutani, mkabala na mlango, akaishikilia hapo kwa kiganja.

"Mama," alisema, "huyu ndiye mliyemuoa. Naomba msumari."