Jina Walilonivua

Nilipozaliwa nilipewa jina la shangazi, dada yake baba. Kwetu jina si la kuitia tu. Wanasema anayelibeba huchukua na mambo ya mwenye jina. Shangazi hakuzaa. Basi nilipokaa miaka kwenye ndoa bila mtoto, mume wangu akiwa machimboni upande wa Geita, hakuna aliyeniuliza naumwa wapi. Walilishtaki jina.

Na nilikuwa naumwa! Tangu nivunje ungo, kila mwezi nilijikunja sakafuni. Nilimeza vidonge vya kutoka dukani kwa Mhindi pale Kahama mpaka vikanichoma tumbo. Mama mkwe akasema, "Wanawake wote wanaumwa, wewe unadeka." Nadeka! Mtu anatapika kwa maumivu, unamwambia anadeka.

Baba akaita mganga. Mganga akapasua kuku, akachungulia matumbo, akatoa hukumu: jina ni zito, livuliwe. Shangazi akaitwa kutoka Segese, mtu mzima mwenye mvi, akasimamishwa uani mbele ya ukoo mzima. Akaamriwa atie maji mdomoni, anipulizie kifuani, kisha aseme, "Nachukua jina langu na utasa wangu." Akasema. Baba, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa anatazama tu. Mimi nikapewa jina la bibi mmoja aliyejaza nyumba watoto. Watu wakala mbuzi, vigelegele vikapigwa. Mwezi uliofuata nilijikunja sakafuni palepale, na jina langu jipya.

Hadi leo nikikumbuka vigelegele vile damu inanichemka.

Mume wangu akaoa mwingine. Maumivu hayakuniacha, na mwishowe nikapelekwa hospitali Mwanza, nikapasuliwa. Daktari alinieleza taratibu: nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake, ikivuja damu kila mwezi, ikaacha makovu yaliyoziba mirija. Akauliza kama nina ndugu wa kike aliyeteseka hivyo. Alisema si kila mtu wa ukoo huupata, lakini ugonjwa huu hupenda kufuata damu, iwe ya upande wa mama au wa baba.

Wa baba! Yule aliyekaa kwenye kiti uani akimwacha dada yake adhalilishwe!

Niliporudi nilimfuata. "Baba, jina mlinivua. Damu yenu mtanivuaje?"

Akasema hospitali imeniharibu adabu. Nikaondoka kabla sijamtukana.

Nilikwenda moja kwa moja Segese. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni anabangua karanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane. Karibu mwanangu, ukae."

Nikamuuliza kama na yeye, enzi zake, alikuwa akiumwa akiwa mwezini. Akaweka ungo chini.

"Kuumwa? Nilikuwa nang'ata khanga nisipige kelele, wenye nyumba wasisikie."

Nikamweleza yote aliyosema daktari, kwamba ni ugonjwa, kwamba tumezaliwa nao mimi na yeye, kwamba hakunipa yeye wala jina lake.

"Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Mimi wameniacha wanaume wawili, mwanangu. Na kila mmoja, nikishafunga mzigo wangu, nilimpigia magoti nikamwomba msamaha."