Dole Gumba la Koko

Sekondari niliisoma jioni, Karatu, baada ya kuosha magari ya watalii mchana kutwa. Vumbi nililolitoa kwenye magari yale lingeweza kufukia Kreta nzima na likabaki la kufyatulia matofali. Siku ya mtihani wa kidato cha nne ndevu zangu zilikuwa zimekomaa kiasi kwamba msimamizi aliniamkia shikamoo. Chuo kikuu ndiyo usiseme. Darasa zima la habari, utamaduni na mawasiliano liliniita "mzee", hata walimu.

Mwaka wa tatu kila mmoja alitakiwa kufanya utafiti. Mimi nilichagua jinsi habari zinavyosafiri Kakesio, ndani ya hifadhi ya hiyo Kreta, ambako ukitaka mtandao wa simu unapanda kilima mpaka unakaribia kusalimiana na malaika. Kule Wamasai wakikutana njiani hawapitani hivi hivi. Mmoja anasimama na kumwaga yote aliyoyaona alikotoka: nyasi, mvua, ng'ombe, wagonjwa. Mwenzake naye anamwaga yake. Wanaziita ilomon, yaani habari. Nilimwambia Madam, mwalimu aliyenisimamia, kwamba hiyo ni redio isiyo na mnara. Alicheka, kisha akanikabidhi fomu za ridhaa.

"Kila unayemhoji asaini. Asiyejua kuandika, dole gumba. Bila hiyo, mzee, huo si utafiti, ni umbea."

Nilifikia kwa dada mmoja niliyesoma naye yale masomo ya jioni, akaolewa Kakesio. Mama mkwe wake alikuwa mjane, wote tukimwita Koko, bibi. Boma lake lilikuwa kando ya njia ya kwenda kwenye maji, na hakuna aliyepita bila kuketi kwake. Kwa siku tatu Koko alinisimulia habari za nusu ya dunia, mkwe wake akitafsiri. Nilicheka hadi mbavu zikaomba likizo. Siku ya kuondoka nikatoa fomu.

"Karatasi inataka nini?" Koko aliuliza.

"Inataka kujua kama umekubali kuongea nami."

"Siku tatu unakunywa maziwa yangu, bado haijajua?"

Tulicheka wote. Kisha nikamshika mkono, nikaligandamiza dole lake kwenye wino, halafu kwenye karatasi. Majirani wawili walikuwa wamesimama pale wakitazama.

Mimi, mtaalamu mtarajiwa wa mawasiliano, sikukumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Kakesio alilijua. Ilikuwa miaka ya watu kuandikishwa na serikali kuhama hifadhini, na mgeni aliyevaa suruali akija na karatasi na wino, huwa amekuja kwa hilo. Sidhani kama nilikuwa nimefika hata geti la hifadhi kabla habari haijaizunguka kata nzima.

Wiki mbili baadaye yule dada akapanda kilima, akanipigia.

"Kaka, watu hawaketi tena. Wanapita."

"Wanapitaje?"

"Wanamsalimia Koko kwa mbali, wanakwenda zao. Wanasema ameweka dole la kuhama. Jana alimwita mzee mmoja amuulize mvua imenyesha wapi. Akajibiwa, mvua ya nini, wewe si unaondoka?"

Nilirudi. Wazee wakakaa, nikawasomea fomu neno kwa neno, dada akitafsiri. Mzee mmoja akaipokea, akaigeuza, akaipapasa mahali pa dole.

"Hii ni nakala. Yenyewe iko wapi?"

"Chuoni, kwenye kabati."

"Kabati liko wazi?"

"Limefungwa."

"Kijana, umetuletea picha ya ng'ombe, unatuomba tukamue."

Walicheka, na mimi nikacheka nao, kwa mazoea tu. Koko hakucheka. Walisema nikiileta yenyewe, wakaiona ikiungua, mambo yatakwisha.

Nikaenda kwa Madam. Akasema fomu halisi haitoki, ndiyo kanuni.

"Na akitaka kujitoa?"

"Ni haki yake kabisa." Akavuta droo, akanipa karatasi nyingine. "Hii ni fomu ya kujitoa. Aweke dole hapa chini."

Nilicheka kwa nguvu, nikidhani ananitania. Alinisubiri nimalize.

Niliipeleka. Nilipofungua kidau cha wino, Koko aliingiza mikono yote miwili ndani ya shuka na kusema maneno machache. Dada hakutafsiri. Nikamsihi.

"Anasema hana dole jingine."

Ningeweza kuacha. Ningeweza kumfuta Koko kwenye utafiti wangu, nianze upya na mtu mwingine na mwaka mwingine. Lakini bila yeye ningebaki na ukurasa wa shukrani na orodha ya marejeo, na nilikwisha kuzeeka kuliko viti vya chuo. Nikawasilisha. Sura ya nne, ambayo yote ni maneno yake, waliisifu hadi nikadhani watanipa na ofisi ya mkuu wa chuo. Humo ndani anaitwa Mhojiwa Namba Moja.

Matokeo yalipotoka nilimpigia dada kwa siku kadhaa bila kumpata. Mwisho akapatikana.

"Koko hajambo?"

"Hayupo. Amekwenda Arash, nje ya hifadhi, kwa binti yake."

"Kutembea?"

"Kuhama, kaka. Alikaa miezi hajaletewa habari na mtu. Akasema heri akaishi mahali ambapo watu wanasimama."

"Na majirani wanasemaje?"

"Wanasema, si tulijua? Karatasi imefanya kazi yake."

Upepo wa kule kilimani ulivuma kwenye simu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa nayo darasani:

"Na wewe, ulifaulu?"

"Nilifaulu," nikamwambia.