Mie Ndiye Mama Mkwe Mbaya

Kuna muuza nyanya mmoja Temeke haniuzii. Nikisimama mbele ya meza yake anageuka na kuanza kupanga vitunguu ambavyo vimeshapangwa. Siku moja nilimuuliza kulikoni. Akaniambia, "We mama una roho mbaya. Yule binti alikukosea nini?" Yule binti ni mwigizaji mwenzangu, na siku ile tuliyorekodi nikimmwagia maji ya vyombo tulikula wali maharage sahani moja. Nilimweleza, hakutaka kusikia. Nikanunua nyanya meza ya pili huku moyoni najisikia fahari, kwa sababu stelingi wetu, yule kijana mtanashati anayelia vizuri, anapita soko hilohilo na hakuna hata anayemgeukia.

Naigiza mama mkwe mbaya. Nimemwigiza mara nyingi kiasi kwamba waongozaji hawanipi tena maelezo, wananiambia tu nije na kanga zangu. Watu huniuliza kama sichoki kuwa mbaya. Sichoki, na radhi siombi.

Mapenzi yangu kwa maadui yalianzia kwenye banda la video, nikiwa binti wa shule, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao yaliyotuchana sketi. Wenzangu wote walikuwa upande wa stelingi. Mie nilimtazama adui. Stelingi aliingia anahema, shati limechanika, hana hata nafasi ya kufikiri. Adui alikuwa ameketi anamenya chungwa. Namkumbuka adui mmoja mzee ambaye vijana wake walikuwa wakipigwa uani, na yeye anaendelea kulisha ndege wake mtama, punje moja moja. Banda zima lilinyamaza kumwangalia yeye, ngumi hazikuwa na mtazamaji. Hapo nikaelewa. Adui ana muda. Anajua anachotaka, wakati stelingi anajua tu kwamba hataki adui akipate. Mwondoe adui uone: stelingi anarudi zake nyumbani kulala, na filamu imeisha.

Ndiyo maana nikiigiza sipigi kelele. Wengine wakipewa mama mkwe wanafoka, wanabana pua, wanabinua midomo. Mie naongea taratibu huku nachambua mchele. Mkwe analia, mie natoa kijiwe kwenye ungo, nakiangalia, nakiweka pembeni. Kamera haina pa kwenda.

Yote hayo yalikuwa raha mpaka mwanangu alipotaka kuoa.

Barua ya posa ilipelekwa Boko, kwao binti, na mshenga wetu, jirani yangu hapa Kinondoni, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama inavyotakiwa. Alirudi nayo mkononi. Familia haikuwa na neno na kijana: ana kazi, ana adabu, na binti anampenda. Ila bibi wa binti, mama mzaa baba, alikataa katakata mjukuu wake kuolewa kwa "yule mwanamke." Labda niache kuigiza. Au nitoe kwanza filamu moja niko mama mwema, waone.

Mwanangu alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, mtu mzima na ndevu zake, macho mekundu. "Mama, si moja tu? Ishu yenyewe filamu moja tu."

Iliniuma sana. Huyu nimemlea peke yangu, na aliyemsomesha ni huyohuyo mama mkwe mbaya. Nilimwambia siwezi. Hakikuwa kiburi, au hakikuwa kiburi peke yake. Nikiigiza wema ili watu wanipime, nitakuwa nimekubali kwamba kazi yangu ndiyo tabia yangu. Nikasema nitaenda mwenyewe.

"Mama wa bwana harusi haendagi," akasema. "Anaendaga mshenga."

"Huyu anaenda."

Nilifika Boko Jumamosi mchana. Bibi alikuwa kwenye kochi kubwa katikati ya sebule. Mama wa binti, mwanamke wa umri wangu, alikuwa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba huku akiangalia ukuta. Kisha akaanza kumtuma mkwe wake. Lete chai. Hicho siyo kikombe cha wageni. Umesahau sukari, au unawafichia wa kwenu? Alisema kwa sauti ndogo, hata hakugeuza shingo, na kila aliposema mwenzangu aliinuka. Nakiri kama mtu wa kazi hiyo: alikuwa hodari. Sebule nzima ilikuwa yake.

Akanigeukia. "Maneno yale unayomwambia mtoto wa watu, unayatoa wapi? Maana mtu hawezi kuyatunga kama hayamo rohoni."

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia sanaa. Yote yakanitoka kichwani.

"Niliambiwa, bibi," nikasema. "Mie ndiye niliyekuwa yule binti."

Nikamweleza. Niliolewa nina miaka kumi na tisa, tukapewa chumba cha uani nyumbani kwa mume wangu. Mama yake hakuwahi kunipazia sauti. Alionja mchuzi wangu, akaumwaga taratibu, akasema, "Kwenu hawakukulea, walikulisha tu." Mimba ilipochelewa, sahani yangu ikaanza kuwekwa mbali na za wengine. Mume wangu, stelingi wa ndoa ile, alikuwa anasoma gazeti.

"Hakuna neno nililotunga," nikasema. "Na siachi. Kila filamu ikitoka, kuna binti ananipigia simu ananiambia, mama, kumbe kasoro siyo yangu. Kama mjukuu wako atakuja kwangu, ataingia kwa mtu anayejua neno moja linauma miaka mingapi. Kama haji, niambieni leo, nikamwambie mwanangu."

Bibi alikunja vizuri pindo la kanga yake, akalinyoosha, akalikunja tena. Halafu akasema bila kugeuza shingo, "Msindikize mgeni."

Mama wa binti hakuinuka. Aliibana mikono yake katikati ya magoti.

"Huyu siyo mgeni," akasema. "Huyu mzazi mwenzangu. Binti nimemzaa mie, na posa yao naipokea."

Bibi alimwangalia kama mtu aliyesikia kabati linaongea. Mwenzangu hakumtazama. Alimwita binti yake kutoka jikoni aje kuniamkia, na alipohitaji kikombe kingine cha chai alikiagiza palepale alipokaa.